Namba E Haishiki Breki

Tuna ugonjwa wa kununua herufi. Mtu ana milioni kumi na mbili mkononi, na swali lake la kwanza kwa dalali si gari limetunzwaje wala gia boksi ikoje. Swali ni "namba gani?" Akiambiwa namba E anaita ndugu waje waone. Akiambiwa namba C analitazama gari kama chapati ya juzi.

Tuelewane mapema. Herufi ile inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. IST ya mwaka 2005 ikishuka bandarini Dar es Salaam wiki ijayo itapewa kibao kipya kabisa, na ya jirani yako ya mwaka huohuo, iliyoingia miaka kumi na kitu iliyopita, itaendelea kubeba namba C yake. Hao ni mapacha. Mmoja alibaki Japani na mwingine akaja mapema kula matuta yetu, na hilo lina uzito wake, sikatai. Lakini namba E iliyopita mikono ya madereva wawili wasiojua oili ya gia boksi inabadilishwa lini imeshapoteza faida hiyo yote, na kibao hakitakwambia. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ni watu wachache sana niliowaona wakiomba kadi kabla ya kuomba punguzo.

Nina sababu ya kuwa mkali. Nasoma shahada ya uzamili Arusha, nyumbani ni Karatu. Dada yangu ni mwalimu Mto wa Mbu na analala Karatu, kwa hiyo kila asubuhi anashuka ukingo wa Bonde la Ufa na kila jioni anaupanda. Gari tulilokuwa tunatafuta lilikuwa lake kwa siku tano na langu kwa Jumamosi za vipindi, likilipiwa kwa mkopo utakaokatwa kwenye mshahara wake miaka sita. Miaka sita ni mirefu kuliko uhai wa gia boksi mbovu. Ndiyo maana kila mjomba aliyenipigia simu kunishauri "mchukue chenye hadhi kidogo" nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikamuuliza hadhi inashukaje mteremko.

Barabara yenyewe inapaswa kuwa ya kwanza kwenye mazungumzo, na huwa ya mwisho. Wenzetu wa Ulaya wakisema gari la kwendea kazini wanafikiria barabara pana isiyo na makutano, mwendo uleule saa nzima. Sisi barabara kuu yetu ina punda, ng'ombe, watoto wa shule, matuta, na askari mwenye tochi pale kibao cha 50 kinapoanza. Faini ni shilingi 30,000, na dereva wa Karatu anaijua kama anavyojua bei ya kitunguu. Kutoka Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80 za kunyooka. Unakunja kulia, unashuka taratibu hadi Mto wa Mbu, kwenye joto na migomba, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha ukuta. Ndani ya kilomita chache unapanda kona kwa kona, Ziwa Manyara likibaki chini kushoto, nyani wamekaa kwenye kingo kama waliolipa kiingilio, na mbele yako kuna lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukitokea Rhotia hewa imebadilika. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi. Ukiendelea hadi geti la Lodoare na kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita 2,200, mara nyingi ndani ya ukungu. (Kushuka ndani ya kreta hatuzungumzii, huko sheria inataka gari linalovuta magurudumu yote manne, na mshahara wa mwalimu haujafika huko.)

Sasa mbele ya barabara hiyo utasikia kauli mbili. Ya kwanza: otomatiki ni gari la kike, la mjini, haliwezi mlima. Ya pili: otomatiki zote ni sawa tu, weka D uende. Zote mbili ni za uongo, na ya pili ndiyo inayoua.

Ile ya kwanza haihitaji maneno mengi. Gia boksi ya otomatiki yenye gia nne, ile ya Toyota za miaka ya 2000, imebeba nusu ya usafiri wa mikoani. Anayesema haiwezi mlima ana maana kwamba yeye hajui vile vibao vingine kwenye mkono wa gia ni vya nini. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja pale stendi ya Karatu, dereva wa miaka minane, "2" na "L" zinatumika lini. Akacheka: "Hizo dada yangu ni mapambo."

Si mapambo. Zinashikilia gari kwenye gia ya chini ili injini ifanye kazi ya kulizuia, breki zipumzike. Zipo Toyota nyingi zenye kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia, cha O/D. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka na gari linakataa kuingia gia ya nne. Hicho ndicho kitufe cha mteremko wa Mto wa Mbu, pamoja na "2" kwenye kona kali. Wengi wanaiogopa taa hiyo kama taa ya ugonjwa, na nimeona gari likipelekwa kwa fundi kwa sababu iliwaka.

Badala yake wanafanya nini? Wanaweka N. Wanatelemka bure, eti kuokoa mafuta. Naelewa kinachowasukuma: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei mpya, na huku bara tunalipia na gharama ya kuyaleta. Lakini injini yenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, na hizi zote ni hizo, ikishuka ndani ya gia mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, kompyuta hufunga mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N magurudumu hayaizungushi tena, kwa hiyo lazima injini ichome mafuta ili isizime. Yaani kwa kuweka N umetumia mafuta zaidi, na umebakiza breki peke yake kubeba tani nzima ya chuma, abiria na magunia. Breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto. Mafuta ya breki ya zamani yameshanyonya maji. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Nikisoma habari ya gari "lililofeli breki" mteremkoni, najiuliza kila mara lilikuwa gia gani.

Kauli ya pili, kwamba otomatiki ni otomatiki, inatugharimu fedha kila siku. Chini ya jina hilo kuna mitambo miwili tofauti. Kuna ile yenye gia halisi, nne au tano. Na kuna CVT, ambayo haina gia za kuhesabu. Ni mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazobadilika upana. CVT ni laini, inakula mafuta kidogo, na kwa mtu wa Mbezi anayekaa foleni sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba inataka oili yake maalumu, haipendi joto la kupanda mlima mrefu ikiwa imejaza watu, na ikifa hakuna fundi wa Karatu atakayeifungua akairudisha. Utatafuta nyingine, ya mitumba, na utalipa ukiomba Mungu. Fundi asiyeitofautisha anaimiminia oili nyekundu ya kawaida, ile tunayoiita haidroliki, na hapo umeshaiandikia wosia.

Tazama basi jinsi "mpya zaidi" inavyotudanganya. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina gia nne. IST ya pili, yenye sura ya kuvutia ambayo ndugu wanaitaka, ile ya 1.5 ina CVT. X-Trail ya kizazi cha kwanza ina gia za kawaida. Iliyofuata ikaja na CVT. RAV4 ya 2000 hadi 2005 ni gia nne, iliyoifuata ya 2.4 kwa soko la Japani ni CVT. Premio, hadithi ileile: ya 1.5 na 1.8 kabla ya 2007 ni gia nne. Kwa barabara yangu, kila mara gari la zamani zaidi, la sura ya unyonge zaidi, ndilo bora. Si kwa nostalgia. Spea zake zipo hadi Mang'ola na kila fundi ameshalifungua mara kumi.

Serikali nayo ina mkono wake hapa. Gari linapoingia linalipa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na likiwa limezidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. Kenya walifunga mlango kabisa kwa gari lililozidi miaka minane. Nia inaeleweka, hakuna anayetaka nchi iwe jalala. Lakini nani analipa? Anayeishi Dar anaagiza, analitumia miaka mitano, analiuza Arusha. Wa Arusha analitumia mitano, analiuza Karatu. Ushuru wa uzee unapandisha bei ya kuagiza, kwa hiyo magari yaliyomo ndani yanazungushwa zaidi na zaidi, na sisi wa mwisho wa mnyororo, wenye mteremko mkali kuliko wao wote, tunapokea gari likiwa na miaka ishirini. Tena injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 imesamehewa ushuru wa bidhaa, na ndiyo maana Passo na Vitz za pistoni tatu zimejaa. Nzuri mno mjini. Jaribu kulipita lori la vitunguu pale juu ya Mto wa Mbu ukiwa na watu wanne ndani.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo naiheshimu: kwa nini mwalimu asipande Noah kama wengine? Amepanda miaka minne. Noah haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwa Noah hakuna mwisho. Hoja nyingine, ya shangazi yangu wa Endabash: kijigari hiki kitafika kwetu masika? Hakitafika. Ule udongo mwekundu ukilowa hautambui otomatiki wala klachi, unatambua trekta. Mwenye njia hiyo asinisikilize.

Kuhusu kilomita za kwenye dashibodi sina la kusema ila kwamba ni namba inayobadilishwa na kijana mwenye kompyuta mpakato kabla chai yako haijapoa. Gari lililonunuliwa mnadani Japani lilikuwa na karatasi ya ukaguzi: daraja, kilomita, kila mkwaruzo umechorwa mahali pake. Likiwa limeingia karibuni, mdai muuzaji hiyo karatasi, kisha linganisha namba ya chasisi. Akisema imepotea, ameshakujibu.

Dalali wa Arusha alituletea IST nyeusi, namba E, inang'aa, "ya daktari mmoja, haijawahi hata kupanda mlima." Boneti ilikuwa ya moto ingawa lilikuwa "limelala hapo tangu jana." Gari linalowashwa kabla mnunuzi hajafika ni gari lenye siri ya asubuhi. Nilimwomba fundi wetu achomoe kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Hakikuwepo, ilikuwa CVT, na dalali akaapa ni "gia kama gia zote." Ya pili ilikuwa ya fedha, namba C, mlango wa nyuma umepigwa rangi isiyofanana. Kijiti kilitoka na oili nyekundu, haina harufu ya kuungua. Injini ilikuwa baridi. Dada akaweka D akiwa amekanyaga breki, kisha R, kisha D tena, hakuna kishindo.

Dalali akasema, sawa, sasa tuandikishane. Nikamwambia bado, tunakwenda nalo Rhotia na kurudi, watu wanne, mafuta nitaweka mimi. Akakuna kichwa. Akampigia mwenye gari. Mwenye gari, mzee mmoja mstaafu, akaomba aongee na mimi, akaniuliza tu kama dereva wetu anajua kushuka na "2".

Akasema kama anajua, twende.