Tabia ya Nchi: Juu au Chini?

Watu wawili wakikutana katika soko la Embu, mmoja ametoka Manyatta karibu na msitu wa Mlima Kenya na mwingine amepanda kutoka Siakago au Ishiara, salamu zao hazikawii kugeuka mashindano. Wa juu humwuliza wa chini awezaje kuishi ndani ya tanuri. Wa chini humtazama mwenzake alivyofunga koti hadi shingoni katika mwezi wa Julai, naye humwuliza kama jua limeonekana kwao juma hilo. Wote wawili hucheka, na kila mmoja hurudi kwake akiwa na hakika kwamba Mungu alimpendelea.

Katika Meru mambo ni yale yale. Mtu wa Kibirichia, alimaye viazi katika ubaridi wa mlimani, humhurumia mtu wa Tharaka kwa vumbi na kiu; na mtu wa Tharaka, ambaye mbuzi wake ni wanene na asali yake ni ya kusifiwa, hashiki huruma hiyo hata kidogo. Yeye huona kwamba anayestahili kuhurumiwa ni yule anayelala chini ya mablanketi matatu na kuamka miguu ikiwa bado baridi.

Mzaha huu huendelea mpaka siku ya posa. Kijana wa Mbeere akipeleka wazee wake juu kwenda kuomba binti wa watu, na mambo ya mbuzi na fedha yakiisha kuelekea kupatana, huenda mama wa binti, aliyekuwa kimya muda wote, akasema neno moja: “Bwana mkwe, mtoto wangu hakukua na mbu.” Hapo kicheko hukoma. Mzee wa chini hujibu kwa heshima kwamba watoto wake yeye wamekua huko huko na wana afya, na tena kwamba njiani amepita nyumba tatu za huku juu akasikia watoto wakikohoa katika zote. Mama naye hana la kujibu juu ya kukohoa. Lakini la mbu hajaliondoa.

Yafaa kuliangalia neno la mama huyu kwa makini, kwa kuwa si ubishi mtupu. Mtoto aliyekua mahali penye mbu wa malaria, akiisha kuumwa mara nyingi na akapona, mwili wake hujifunza kwa kiasi fulani kupambana na ugonjwa huo. Hauzuii kabisa, bali huupunguza ukali. Aliyekua juu kwenye baridi, ambako mbu hao ni wachache, hana kinga hiyo. Akishuka akiwa mtu mzima, homa humpata kama ilivyo nguvu yake yote, na akiwa mja mzito hatari huzidi. Hivyo mtu wa Siakago asemaye “sisi tunaishi” husema kweli, na mama wa Manyatta asemaye “wangu atakufa” si mwongo. Kila mmoja anaueleza mwili anaoujua. Chandarua na dawa za siku hizi zimeipunguza sana hatari hiyo, ila hazijaimaliza.

Kwa nini nchi mbili mbalimbali namna hii zikae karibu hivi? Sababu ni mlima. Kaunti ya Embu huanzia nyanda za mto Tana, zilizo kama mita 500 na zaidi kidogo juu ya bahari, ikapanda hadi kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Kwa kawaida, mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huvuka nyanda za chini bila kuacha maji mengi. Zikifika mlimani hulazimika kupanda, hupoa, na maji yake huanguka kama mvua juu ya mashamba ya chai na kahawa. Hata mawingu mazito yafunikayo Meru na Embu tangu Juni hadi Agosti, yaletayo manyunyu na ukungu bila mvua ya maana, hushikwa na mteremko huo huo. Mtu akishuka kwa gari asubuhi moja aweza kuliacha koti lake njiani.

Mtu hupenda kile alichokizoea, na mazoea hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili. Mtu wa baridi akihamia kwenye joto, katika muda wa juma moja au mawili mwili wake huanza kutoa jasho mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo zaidi, na kazi iliyomshinda siku ya kwanza huwa nyepesi. Makarani waliohamishwa mara nyingi wanalijua jambo hili. Karani wa pwani akipelekwa Meru hulalamika kwa barua kila juma, huomba mablanketi, na huandika kwamba kipupwe cha Mombasa kilikuwa kitu kidogo tu. Baada ya miaka miwili akienda kwao likizoni, hulala na madirisha wazi na kulalamika juu ya jasho.

Sehemu ya pili ni ya akili, nayo ni ngumu zaidi kuondoa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wazungu waliokuja nchi za joto waliamini kwamba jua la hapa lina mishale ya mwanga inayopenya fuvu la kichwa na kuharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1905 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alitoa kitabu kizima juu ya madhara ya mwanga huo kwa watu weupe. Basi wakavaa kofia nene za helmeti, na wengine wakashona kitambaa cha ziada mgongoni ili kuulinda uti wa mgongo. Hata katika nyanda za juu za Kenya, walizozisifu kwa ubaridi wake na kuzitwaa kwa sababu hiyo, walionya wenzao wasitoke nje bila kofia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wengi walitembea juani wakiwa na kofia nyepesi, au vichwa wazi, na hawakupata wazimu. Baada ya hapo helmeti zikaachwa. Katika miaka yote hiyo wanawake wa Embu walikuwa wakilima mchana kutwa chini ya jua hilo hilo, na hapana aliyefikiri kuwauliza.

Mkulima wa Meru na Embu hapimi nchi kwa kofia. Kipimo chake ni chungu cha jikoni. Majirani zao Wakikuyu huziita mvua za masika kwa jina la njahi, yaani fiwi, na mvua za vuli kwa jina la mwere, yaani mawele, na katika Embu na Mbeere mazoea ni karibu hayo hayo. Jina la majira ni jina la chakula. Jambo la kupendeza ni kwamba wataalamu nao walifika hapo hapo. Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, walipotoa kitabu chao kikubwa cha mwongozo wa kilimo cha Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliigawa nchi katika kanda na kuzipa majina ya mazao na mifugo: kanda ya chai na ng'ombe wa maziwa, ya chai na kahawa, ya kahawa, ya pamba, na chini kabisa ya mifugo na mawele. Mteremko wa Embu unazo karibu zote, zimepangwa kama vidato vya ngazi.

Na kwa kipimo hicho cha chungu, juu si bora kuliko chini kwa kila jambo. Juu mvua ni ya hakika, lakini mahindi huweza kukaa shambani miezi sita au zaidi kabla hayajakauka, na yakivunwa katika ukungu huota kuvu ghalani. Chini mahindi ya Katumani hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, na pojo, kunde na mtama hukauka vizuri juani. Ila mvua ikikatika juma mbili tu mapema, hakuna cha kukausha. Watu wa Mbeere na Tharaka huzitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa zile za Machi mara nyingi huwadanganya. Kahawa nayo ina matatizo yake: kwenye baridi na unyevu buni mbichi huoza kwa ugonjwa uliojulikana Kenya tangu 1922, na kwenye joto majani hushikwa na kutu. Miraa hustawi katika vilima vya Nyambene, na muguka katika Mbeere.

Wazee wa zamani walilitatua jambo hili bila kuchagua. Jamaa moja ilikuwa na shamba la ndizi na viazi vikuu juu, shamba la mawele chini, na mbuzi kwa rafiki au mkwe mahali pengine. Mwaka wa njaa chini, vikapu vilipanda mlima. Mwaka wa baridi mbaya juu, vilishuka. Uhusiano wa ndoa baina ya juu na chini ulikuwa pia ghala la chakula, na huenda ndiyo sababu mama yule wa posa, pamoja na hofu yake yote, hasemi “hapana”.

Kisha ukaja mpango wa mwaka 1954 uliojulikana kwa jina la Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Mpango huo uliona kwamba vipande vya ardhi vilivyotawanyika ni hasara: mkulima hupoteza saa nyingi njiani, hawezi kujenga ua, hawezi kupata mkopo. Vipande vikakusanywa na kuandikwa kwa hati, katika Embu na Meru tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea. Faida zake hazikatailiki. Kahawa ilienea na ng'ombe wa maziwa wakaongezeka. Lakini hesabu ile ilihesabu hatua za miguu na haikuihesabu mvua. Shamba moja lililokusanywa mahali pamoja liko chini ya wingu moja. Wingu hilo likikosa, jamaa yote imekosa. Waliokuwa wamezoea kula kutoka nchi mbili waliambiwa, kwa maneno mengine, kwamba wachague iliyo bora, na swali ambalo halikuwa na jibu sokoni likalazimishwa kupata jibu ofisini.

Jamaa nyingi za Embu hazikulikubali jibu hilo. Waliokuwa na fedha za kahawa walinunua au kuazima mashamba chini. Na ardhi ya Mbeere ilipoanza kupimwa na kuandikwa baadaye, mashindano yalikuwa makali, kesi zikajaa, na baadhi ya wenyeji wakaona ardhi yao ikienda kwa watu ambao jana tu walikuwa wakiicheka. Hilo nalo ni ushahidi. Mtu hatoi fedha zake kununua tanuri.

Siku hizi ngazi yenyewe inasogea. Barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya imepoteza sehemu kubwa sana ya ukubwa iliokuwa nao katika miaka ya 1930, na imegawanyika vipande viwili. Joto linapopanda, mahali palipofaa chai huanza kufaa kahawa, na mbu huweza kupanda hadi nyumba ambazo zamani hawakuzijua. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022 uliwaumiza sana watu wa nyanda za chini za Meru, Tharaka-Nithi na Mbeere, na yule wa juu aliyejivunia mvua alipokea wageni wengi mlangoni kuliko alivyozoea.

Tukirudi kwenye posa ile, kwa kawaida mambo humalizika hivi. Wazee wa pande zote mbili husimama kando, wakazungumza kwa sauti ndogo, na wakirudi huwa kuna masharti ambayo hayamo katika hesabu ya mbuzi. Binti atashuka baada ya mvua, si wakati wake. Akipata mimba atalala katika chandarua, na homa ikimshika atapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, si kesho yake. Mtoto akizaliwa, hatapandishwa kwa bibi yake katika Julai mpaka kifua chake kiwe na nguvu. Mama hutoa blanketi zito kabatini ampe binti yake, na binti humwambia kwamba huko halitahitajika. Mama hulifunga hata hivyo. Miezi michache baadaye gari lipandalo kutoka Ishiara huleta gunia la mawele na kibuyu cha asali, na ujumbe kwamba blanketi linatumika, kwa kuwa usiku wa Julai hata Mbeere kuna baridi kidogo.