Matembezi Baada ya Masika: Asibaki Mtoto Nyumbani kwa Sababu ya Mchango





Masika ya hapa Unguja yanapomalizika, watoto wanakuwa wamekaa ndani tangu mwezi wa Machi. Njia zimejaa maji, nguo hazikauki, na hata kuja chuoni imekuwa taabu. Kisha kipupwe kinaingia, jua halichomi, machungwa yamejaa sokoni, na kila chuo kinatangaza matembezi. Hili ni jambo zuri. Wapo wanaouliza kama pikniki ina nafasi katika dini yetu, na jibu lake si refu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na siku ya Idi alimwacha awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini. Kwa hivyo juu ya furaha ya halali sina la kugombana na mtu. Ninalotaka kulizungumza ni bei yake.

Matembezi ya vyuo sasa yamekuwa kama harusi. Panakodiwa hoteli yenye bwawa, panashonwa au kuchapishwa fulana za rangi moja, panaagizwa keki, na mpiga picha anatafutwa. Tuseme mchango umewekwa shilingi 15,000 kwa kila mtoto. Mzee mwenye watoto 4 chuoni anatakiwa atoe shilingi 60,000 kwa siku moja, na huenda yeye ni mchukuzi wa bandarini, au ni mama anayekaanga mihogo barazani kwake. Atafanya nini? Ama atakopa, ama atakaa achague nani katika wanawe aende na nani abaki. Suratul Furqan imewasifu waja wema kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Sasa sisi walimu tunaoisomesha aya hiyo ndio tunaomsukuma mzazi akope kwa ajili ya keki!

Nimeyaona haya katika chuo kimoja, na sitakitaja. Mtoto ambaye hakulipiwa alianza kukosa kuja siku chache kabla ya safari. Baada ya safari alikosa zaidi, maana wenzake wote walikuwa wakija na ile fulana. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemtukana. Fulana ilitosha. Tunahangaika na mtoto miaka miwili mpaka anatoka kwenye alifu kijiti anaingia katika juzuu, kisha tunampoteza kwa kitambaa.

Rai yangu ni kwamba mchango uwekwe kwa kipimo cha mzazi mwenye uwezo mdogo kuliko wote, na pahala pa kwenda pachaguliwe baadaye, kwa kutazama kilichopatikana. Hivi sasa tunafanya kinyume: tunachagua hoteli kwanza, kisha tunawagawia wazazi deni.

Tena pahala pazuri si lazima pawe pa gharama. Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Katika kibla chake yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Hiyo ni karibu miaka 400 kabla ya Wareno kufika pwani hii. Watalii wanatoka Ulaya kuja kuutazama, na wapo watoto wetu wa Mjini wanaomaliza Msahafu bila ya kuuona. Mwanafunzi anayejidai kuwa anajua kusoma Kiarabu mpeleke akasimame mbele ya kibla kile, atakuta herufi zimepinda na kuchanua kama majani na atashindwa kuzitambua. Hilo peke yake ni darsa la mwezi mzima. Gharama kubwa hapo ni gari tu, na chakula kitoke majumbani: huyu alete mandazi, yule mihogo ya nazi, mwengine machungwa, wote wale sinia moja na asijulikane nani kaleta nini. (Na kwa kuwa wanafunzi huuliza kila mara: la, Sala haipunguzwi. Kizimkazi ni kiasi cha kilomita 50 kutoka Mjini, na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi masafa ya kupunguza ni marhala mbili, ambazo ni zaidi ya kilomita 80.)

Kwa wadogo hata gari ya mbali haihitajiki. Magofu ya Maruhubi, jumba la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899, yako karibu na mji. Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850, ni shamba, pana miti na kivuli.

Lakini tusichanganye unafuu na uzembe. Rahisi haina maana ya kujaza watoto garini mpaka wengine wananing'inia mlangoni, wala kuingia chombo chochote cha baharini kwa kuwa nahodha amepunguza nauli. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi el Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Waliofariki walikuwa zaidi ya 200. Palipo na watoto wa watu, gari moja ikijaa, waliobaki wangojee irudi.

Na bahari yenyewe ina elimu yake, ambayo mwanafunzi wa chuo anayo tayari katika kalenda. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu kiasi cha tarehe 15, ndiyo siku za bamvua. Maji hutoka mbali sana mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na alasiri hurudi na kujaa, tofauti yake inafika kiasi cha mita 4. Idi el Fitri ni tarehe mosi, kwa hivyo huangukia bamvua. Watoto wanaofika pwani asubuhi wanakuta mchanga mtupu, wanakwenda mbali kuokota kombe, na maji yanaporudi yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao. Anayetaka bahari tulivu kwa wadogo atafute maji mafu, kiasi cha tarehe 8 au 23 ya mwezi wa Kiislamu, na hata hapo asiogeleshwe mtoto bila ya mtu mzima anayejua kuogelea kusimama majini pamoja naye.

Hapo ndipo ninapowageukia kina baba. Kila mwaka wanaokwenda ni walimu na kina mama, nao wanabeba sufuria, wanapika, wanahesabu watoto na wanachunga maji. Baba ametoa pesa na anaona amemaliza. Mzee wangu, bora utoe nusu ya mchango na uje mwenyewe. Ukija wewe na wenzako wawili watatu, hata wasichana wakubwa, ambao mara nyingi huachwa nyumbani kwa hofu, watapata kwenda na kukaa upande wao kwa stara na amani.

Kwa matembezi yajayo ninapendekeza kibubu kiwekwe mlangoni mwa chuo tangu masika yanapoanza, kila mtu atie anachoweza na pasiwe na daftari la majina. Fulana tuziache, kanzu na buibui za chuo zipo na zinatosha. Na ile orodha ya safari inayobandikwa ukutani iwe ni ya wanafunzi wote wa chuo, isiwe ya waliolipa.