TANGAZO LA KAZI HUCHAGUA KABLA YA USAILI

Aghalabu maofisa wetu huliona tangazo la kazi kuwa ni taarifa tu: cheo, sifa, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi. La hasha. Tangazo huchagua watu kabla ya kamati ya usaili kukaa, na wale liliowakatisha tamaa hawahesabiwi popote.

Ushahidi ulio wazi tumeupata kwa jirani zetu wa Zambia. Mwaka 2010 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha kada mpya ya wahudumu wa afya wa vijijini. Katika wilaya 48, nusu zilibandikwa tangazo lililowaita watu waje kuitumikia jamii yao; nusu nyingine, tangazo lililotaja ujuzi na njia ya kupanda vyeo. Kazi ilikuwa ile ile, na waliochaguliwa wote walifunzwa pamoja mwaka mzima mjini Ndola.

Sisi tuliolelewa katika wito wa kujitolea tungetaraji tangazo la pili lilete wenye uchu wa vyeo. Ni kweli, baadhi yao walijitokeza. Lakini walijitokeza pia vijana waliofaulu vizuri zaidi masomoni, ambao moyo wao wa kutumikia haukuwa na upungufu, na hao ndio walioajiriwa. Kazini walizitembelea nyumba kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao, na utapiamlo wa watoto katika maeneo yao ukapungua kwa robo.

Danielle Gaucher na wenzake nao walionyesha mwaka 2011 kwamba tangazo lililojaa maneno ya ubabe na ushindani huwafukuza wanawake; si kwa kudhani kazi hawaiwezi, bali kwa kuona kwamba pale si mahali pao.

Sasa tujitazame. Nafasi ya kuanzia kazi ikidai uzoefu wa miaka mitatu, tena ikatangazwa mtandaoni peke yake, kijana wa Micheweni aliyemaliza masomo jana atajua kwamba haikuandikwa kwa ajili yake. Kisha tutalalamika kuwa Pemba haileti waombaji!

Twawataka wakuu wa utumishi watenge sharti la lazima na lile la kupendelea tu, na waitaje ngazi inayofuata baada ya ile ya kuanzia. Nakala ipelekwe kwa masheha, ibandikwe penye barza. Gharama yake ni karatasi na gundi.