Ruzuku Inayoishia Kabatini

Wafadhili, wanasiasa na hata wazazi wengi huamini kwamba mtoto wa shule maskini ameachwa nyuma kidijitali kwa kuwa hana kifaa; akipewa, pengo limezibika. Ndiyo maana ruzuku nyingi hupimwa kwa idadi ya vishikwambi na kompyuta. Imani hii ni potofu, na imekwisha kula fedha nyingi.

Shahidi wa karibu ni Kenya. Katika kampeni za mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Zabuni ya kwanza ilikwama katika mabishano ya kisheria, na mpango uliporejea mwaka 2016, laptopu za watoto zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Vikasambazwa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Haki isemwe: kwa ajili ya mpango huo maelfu ya shule yaliunganishiwa umeme, na faida hiyo imebaki.

Vishikwambi vyenyewe viliingia mikononi mwa mwalimu mkuu, ambaye kikipotea kimoja ndiye wa kuulizwa. Basi huweka mlango wa chuma, hutia vyuma madirishani na kuvifungia kabatini. Mwalimu wa darasa anayevitaka kwa kipindi cha dakika 30 sharti avitie sahihi, avihesabu vikitoka, avihesabu tena vikirudi, na huenda akakuta nusu yake havina chaji. Akifanya hivyo mara mbili tatu, hurudia ubao na chaki. Betri ikikaa miezi bila chaji hufa, na ikishakufa haifufuki kwa kuchomekwa ukutani. Kifaa hakikuibwa wala hakikuvunjwa. Kimeuawa na utunzaji.

Fedha za kukiokoa hazipo. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Shule ya watoto 300 hupata 426,000, tena zikifika zote na kwa wakati. Humo humo mna chaki, maji, ankara ya umeme, mshahara wa mlinzi na ukarabati wa vyoo. Betri mpya, fundi na data vitalipiwa na nani? Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vishikwambi vilibaki stoo, kwa kuwa vilikusudiwa kutumika darasani. Masomo yakafuatwa kwenye redio na televisheni, kwa wenye nazo.

Peru ilitangulia kulipia somo hili. Ilinunua laptopu zaidi ya laki nane chini ya mpango wa One Laptop per Child, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi katika shule 319 za vijijini: alama za hisabati na lugha hazikupanda. Intaneti ilikuwa katika shule chache mno.

Watetezi husema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ingesimama kama kifaa kingekuja bila gharama. Lakini huja na umeme, ulinzi na matengenezo, na ruzuku ikishalipa bei ya dukani, mzigo uliobaki hutwikwa shule ileile iliyopewa msaada kwa kuwa haina kitu. Mfadhili hupenda vifaa kwa sababu huhesabika, hulipwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha na hupendeza kwenye picha. Ankara ya intaneti haikatiwi utepe.

Marekani, kwa makosa yake yote, ilianzia upande wa ankara. Kupitia mpango wa E-Rate, uliotokana na sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, shule hupunguziwa gharama za intaneti kwa asilimia 20 hadi 90, na shule yenye watoto maskini zaidi ndiyo hupunguziwa zaidi. Fedha hutokana na michango ya kampuni za mawasiliano. Kenya nayo inao mfuko wa namna hiyo, uliokwisha kuziunganishia intaneti mamia ya shule za sekondari. Mfuko huo uongezewe kazi ya kulipia data za shule za msingi mwaka baada ya mwaka, kugharimia fundi wa kuzizungukia, na kukata bima ya vifaa ili mwalimu mkuu asiogope kufungua kabati.