Lugha mbili kwenye redio ya ndege: hatari ya yule asiyeambiwa

Mashariki mwa DRC, ndege si anasa. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Shabunda na mgonjwa anayetolewa Walikale wote wanategemea ndege ndogo, kwa sababu barabara hazipitiki. Raia wanapozipanda wanauliza juu ya umri wa injini na uzito wa mizigo. Ni wachache wanaouliza rubani anazungumza lugha gani kwenye redio, na nani mwingine anamsikiliza.

Redio ya ndege haifanani na simu. Marubani wengi wako kwenye masafa mamoja na mnara, na kila mmoja anasikia anayoambiwa mwenzake. Hivyo ndivyo rubani anavyojua kwamba kuna ndege nyingine karibu naye, hata kama hakuna aliyemtajia. Shida inaanza pale anaposikia sauti bila kuelewa maneno.

Ilitokea Paris, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, usiku wa manane tarehe 25 mwezi wa tano mwaka wa 2000. Mwongozaji aliipa ndege ya Air Liberté aina ya MD-83 ruhusa ya kuruka, kwa Kifaransa. Kisha, kwa Kiingereza, akaiambia ndege ndogo ya mizigo, Shorts 330 ya kampuni ya Kiingereza, ijipange na kungoja ikiwa ya pili. Aliamini iko mwanzoni mwa njia ya kurukia, nyuma ya MD-83. Kumbe ilikuwa mbele, kwenye njia ya pembeni, ikaingia wakati ndege kubwa inakuja kwa kasi. Bawa la MD-83 lilipasua chumba cha marubani cha Shorts, na rubani msaidizi akafariki. Wachunguzi wa Ufaransa waliweka kosa la mwongozaji juu ya mahali ndege ilipokuwa kati ya sababu, lakini walitaja pia lugha mbili: ruhusa iliyotolewa kwa Kifaransa ndiyo ingewaonya marubani wa Shorts.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kumtaka rubani arudie maagizo. Utaratibu huo ulikazwa baada ya ajali ya Tenerife ya tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka wa 1977, iliyoua watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alitumia maneno ambayo mnara uliyaelewa kama bado wanangoja, kumbe ndege ilikuwa imeanza kukimbia. Tangu hapo, neno la kuruka linatumika tu wakati ruhusa ya kuruka inatolewa au kufutwa. Ni kanuni nzuri, ila inawalinda wawili wanaozungumza. Wa tatu anabaki gizani.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, linaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na tangu 2008 linadai kiwango cha lugha kwa marubani na waongozaji wa safari za kimataifa. Halikatazi kuchanganya lugha mbili. Wanaotetea lugha yao wana hoja: mtu aliye katika hatari anasema haraka na wazi zaidi kwa lugha anayoimudu.

Kwetu mnara unatumia Kifaransa, huku marubani wa ndege za Umoja wa Mataifa, wa misaada na wa mizigo wakitoka nchi nyingi, wengine wakija kutoka Entebbe au Nairobi na Kiingereza chao. Mnara unaweza kuwajibu wote. Lakini kwenye viwanja vidogo vya ndani hakuna mnara kabisa. Rubani anajitangaza mwenyewe kwamba anakaribia, na asiyeelewa hana wa kumtafsiria. Hapo ndipo jambo linalowezekana bila kungoja mkataba wowote: jina la uwanja, upande ndege inakotoka na dakika zilizobaki kabla ya kutua, vitajwe kwa Kifaransa kisha kwa Kiingereza. Ni sekunde chache tu.