Acheni kumcheka Rees-Zammit

Wasee, tuongee ukweli. Louis Rees-Zammit, yule winga wa Wales mwenye mbio za swara, alirudi kwenye raga 2025 na bado kuna watu wanasema alifeli. Alifeli wapi?

Huyu boy alienda na British and Irish Lions 2021 akiwa na miaka 20. Kombe la Dunia 2023 akaitandika Georgia trai tatu peke yake. Halafu Januari 2024, siku ile ile Wales wanataja kikosi cha Six Nations, akasema mimi naenda NFL. Manze, hiyo ni roho ya chuma. Kansas City Chiefs wakamchukua, wakamwacha kabla ligi ianze. Jacksonville Jaguars wakamweka kikosi cha mazoezi. Mechi rasmi? Hakucheza hata moja. Akarudi, akasaini Bristol, na Novemba akavaa tena jezi nyekundu.

Sasa mlitaka akae Gloucester mpaka magoti yaishe ndio aanze kujiuliza? Dan Adongo wetu alitoka raga akaenda Indianapolis Colts 2013 na tukajigamba naye. Wa Wales akijaribu ni tamaa?

Mimi niliacha kampo mwaka wa tatu. Kila sherehe lazima anko fulani aniulize, "Utarudi lini?", utadhani nilipotea msituni. Labda nitarudi, labda sitarudi. Lakini nyinyi wa "tulimwambia", mlimwambia lini? Si mlikuwa mnaomba namba ya jezi yake mpya?