NGUO YA KUKIMBILIA IPIMWE IKIWA IMELOWA



Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa kike, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni nguo anazovaa mwanamke wa Kiislamu anapokwenda kukimbia wakati wa masika. Si dogo hata kidogo. Kwa sababu ya nguo hizo mabinti wetu wanaacha mazoezi mara tu wanapobaleghe, na kwa sababu ya nguo hizo hizo wengine wanakimbia wakidhani wamejisitiri, kumbe sitara yao inaisha tone la kwanza la mvua linapoanguka.

HALI YA HEWA YETU

Sisi tunaokaa Kigali tunaijua itumba, yaani masika ya Machi hadi Mei. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri unatoka na baridi ya nyuzi 16 hivi, saa nne jua linakuchoma, na kabla ya adhuhuri wingu limeshafunga na mvua imeshakumwagikia. Tangu mwaka 2016 jiji letu limekuwa na zile Jumapili ambazo barabara kubwa hufungwa asubuhi magari yasipite, watu wakimbie na kutembea. Mwanamke anayetoka Nyamirambo au Biryogo siku kama hiyo anaweza kukutana na baridi, jua na mvua ndani ya saa moja tu.

Sasa tazameni tunavyowatoa mabinti zetu. Baibui la kitambaa kizito, mtandio uliofungwa kwa pini tatu, na sweta la shule juu yake. Binti anapanda kilima cha kwanza, jasho linamtoka. Mvua inanyesha, pamba inanyonya maji, nguo inakuwa nzito kama gunia na inamshika mwilini kuanzia mabegani hadi magotini. Anaporudi anatetemeka, amechubuka, na ameona haya njia nzima. Wiki inayofuata hataki tena kwenda. Na sisi tunasema: mnaona? Kukimbia si kwa mabinti wa Kiislamu!

Hapana ndugu zangu. Kilichoshindwa pale ni nguo, wala si binti wala si dini yake.

WANAOSEMA MWANAMKE ASIKIMBIE

Wako wazee wetu, tunawaheshimu, wanaosema kwamba mwanamke wa Kiislamu hakimbii. Hebu tuwaulize kwa adabu, wameitoa wapi hukumu hiyo? Imepokewa na Abu Dawud na wengineo kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), na Bi Aisha akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume (S.A.W.) akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni ya kulipa ile ya mwanzo. Na katika mapokezi mengine imetajwa kuwa walikuwa safarini, na Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu watangulie mbele kwanza, ndipo wakashindana.

Zingatieni hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, mwanamke kukimbia si aibu, kwani Mama wa Waumini alikimbia. La pili, sitara ilipangwa KABLA ya mbio kuanza. Wanaokataza wamelisahau fundisho la kwanza. Wanaoruhusu ovyo wamelisahau la pili.

Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wana kheri. Hakusema wanaume peke yao. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili wastani wa dakika 60 kila siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mama zetu wangapi leo wana sukari na shinikizo la damu? Mwili ni amana, na amana haitunzwi kwa kukaa tu kwenye mkeka.

SITARA KAVU NA SITARA ILIYOLOWA

Sasa niwageukie wanaouza na wanaonunua. Siku hizi zipo nguo zinazoitwa hijabu za michezo. Ukiziona zimefunika nywele, mikono na miguu, unasema alhamdulillah. Lakini nyingi zinabana mwili kama soksi. Ngozi haionekani, ila umbo lote linaonekana. Je, hiyo ndiyo sitara? Wanawake waliovaa huku wako uchi wametajwa katika hadithi ya Muslim, na wanavyuoni wameeleza kwamba wanaingia humo wenye kuvaa nguo nyepesi zinazoonyesha na nguo za kubana zinazochora. Neno Hijabu likiandikwa kwenye lebo halibadilishi kitambaa.

Tena kuna hadithi aliyoipokea Imam Ahmad ambayo inafaa isomwe katika kila nyumba yenye binti. Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd (R.A.) nguo nzito ya Kimisri, naye Usama akampa mke wake. Mtume (S.A.W.) alipojua, alimwagiza amwambie mkewe avae nguo nyingine ya ndani chini yake, kwa kuchelea isije ikaonyesha ukubwa wa mifupa yake. Nguo ile ilikuwa nzito, ndugu zangu! Uzito wake haukutosha. Kilichoangaliwa ni jinsi inavyokaa mwilini.

Na nguo inakaaje mwilini wakati wa masika? Inakaa ikiwa imelowa. Kwa hiyo nasema wazi: nguo ya kukimbilia isihukumiwe dukani ikiwa kavu kwenye hanga. Ihukumiwe ikiwa imelowa na mvaaji akiwa anakimbia. Baibui la pamba na suruali ya kubana, vyote viwili vinaanguka katika mtihani huo.

BASI AVAE NINI?

Tangu ushuru wa mitumba upandishwe hapa Rwanda mwaka 2016, ile chagua iliyokuwa ikituletea nguo za michezo za bei ndogo imekuwa adimu. Msihuzunike. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona nguo nzuri kuliko ya dukani, mkimwambia mnachotaka:

1. Kitambaa kiwe cha poliesta kama kile cha jezi za mpira. Hakinyonyi maji mengi na kinakauka haraka. Rangi iwe ya giza, kwani nyeupe na rangi za maji zikilowa zinaonyesha ndani.

2. Ndani avae fulana nyembamba ya mikono mirefu, nayo ya kukauka haraka. Hii inamkinga na baridi ya alfajiri, na nguo ya juu ikilowa haigandi kwenye ngozi. Avae pia sidiria imara ya michezo. Hili mama na binti walizungumze bila kuoneana haya, na baba kazi yake ni kutoa pesa.

3. Kanzu ya juu iwe pana, ifike magotini, na iwe na mpasuo mfupi pembeni ili hatua isikwame. Mikono iwe na mpira kwenye vifundo, ili akiinua mkono nguo isiteremke.

4. Suruali iwe pana mapajani na yenye mpira kwenye vifundo vya miguu, isije ikakanyagwa au kukusanya tope. Chini yake avae suruali nyembamba ya kuzuia michubuko.

5. Kichwani avae mtandio ulioshonwa kabisa, wa kuvaa kwa kupitisha kichwa, USIO NA PINI. Pini na mbio havipatani. Uteremke ufunike kifua, na uwe na vifungo vya kubana mabegani ili upepo usiunyanyue.

6. Awe na koti jepesi la mvua linaloweza kufungwa kiunoni jua likitoka. Lile zito la plastiki lisilopitisha hewa litamlowesha kwa jasho lake mwenyewe. Na kwa kuwa amevaa giza na alfajiri kuna ukungu, ashonewe ukanda unaong'aa mgongoni, kama wa kizibao cha mtu wa pikipiki, ili madereva wamwone.

7. Raba ziwe zenye meno chini, maana miteremko yetu ikilowa inateleza.

Vikishashonwa, fanyeni kipimo cha ndoo. Binti avae vyote, aingie bafuni na mama yake, amwagiwe maji mwili mzima. Kisha ainame, ainue mikono, aruke mara kumi. Mama aangalie mambo matatu: ngozi inaonekana? Umbo linachoreka? Mwendo unakwama? Jibu likiwa hapana mara tatu, nguo imefaulu. Likiwa ndiyo hata mara moja, irudi kwa fundi. Kipimo hiki ni cha bure, na kinamwondolea binti fedheha ya kuyagundua hayo barabarani.

Na atakayesema nguo hizo zitamharibia twahara, ajue kwamba jasho la mwanadamu ni twahara, maji ya mvua ni twahara, na tope la barabarani ambalo ni vigumu kuliepuka limesamehewa, kama walivyoeleza mafakihi wa madhehebu ya Shafi. Radi ikianza kupiga ndiyo arudi nyumbani, wala asingoje.

NENO KWA WALIMU WA MICHEZO NA KWA MABABA

Kwa walimu wa michezo wanaomwambia binti avue mtandio au akae benchi, nasema hoja yenu imeshapitwa. Shirikisho la mpira wa miguu, FIFA, liliruhusu vifuniko vya kichwa mwaka 2014, na lile la mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2017. Mwaka 2006, katika Michezo ya Asia mjini Doha, Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda medali ya dhahabu ya mita 200 akiwa amefunika kichwa, mikono na miguu. Kitambaa hakikumzuia kuwa wa kwanza.

Na nyinyi mababa wenzangu, hebu tuseme ukweli. Mtoto wa kiume akiomba viatu vya mpira, pesa inapatikana jioni ile ile. Wa kike akiomba raba, anaambiwa asubiri Idi. Tena huyo wa kiume anatoka na kaptula fupi, mapaja yote nje, na hakuna anayemwambia kitu, ilhali wanavyuoni wengi wamesema uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti! Mvua ile ile inamlowesha na yeye. Katika Suratun Nur wanaume wameamrishwa kuinamisha macho katika aya ya 30, kabla ya wanawake kuamrishwa katika aya ya 31. Tumeirukaje aya yetu tukaenda kusimamia ya wenzetu?

Atasema mwingine: hata nguo ikiwa pana, mwili unatikisika mtu akikimbia. Ni kweli, na ndiyo maana sitara si nguo peke yake. Mabinti watoke kwa kundi pamoja na mama zao, wachague njia zisizo na vijiwe vya wanaume, na watoke mapema baada ya sala ya alfajiri kukishapambazuka. Misikiti yetu ina kamati za mazishi na kamati za harusi. Inashindwa nini kuwa na kundi la akina mama la mazoezi?

Allah (S.W.) ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 81, kwamba mavazi yanayotukinga na joto ni katika neema zake, na katika Suratul Aaraf, aya ya 26, kwamba ametuteremshia mavazi ya kusitiri tupu zetu na ya pambo, na kwamba vazi la taqwa ndilo bora. Kukinga na kusitiri yametoka kwa Mola mmoja. Basi asije mtu akamlazimisha binti yetu achague moja aache jingine. Nendeni kwa fundi kabla mvua hazijaanza.

Wabillahi tawfiq.